Anko wa Gitaa Anajibu: "Mbona Fundi Anapima Mitambo Nusu Saa Nzima?"

Wasomaji wangu habari za siku. Mwezi huu nilishapanga kujibu yale maswali ya nyuzi na ya kununua gitaa la mtumba, hayo yatasubiri, manake barua zilizojaa mezani ni za shoo moja tu, ile ya Jumamosi kule Msasani, uwanja wa wazi, viti vya plastiki, bendi ya dansi ndo ilikuwa mwenye usiku wake na kabla yake akapandishwa kijana mmoja peke yake na gitaa. Hana mwimbaji, hana drams, hana mtu wa besi. Akapiga kama dakika thelathini na tano hivi.

Mimi nilikuwepo. Nilikaa pembeni ya meza ya fundi mitambo kwa hiyo niliiona steji na watu pia niliwaona. Kwa ambao hawakuwepo, kijana alikaa kwenye stuli, gitaa la umeme kalilaza mapajani kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo, miguuni ana pedali tano au sita za kubadilisha sauti, akachukua kijiko cha chai akaanza kuukwaruza ule uzi mnene polepole kutoka kwenye daraja, pale nyuzi zinaposhikiliwa kwenye tumbo la gitaa, kwenda juu, sauti inayotoka ni kama geti la bati linaburuzwa mtaa wa pili. Hakusalimia. MC hakumtambulisha. Watu wakaendelea kuagiza soda na mishkaki. Jina lake silitaji, ni kijana anayeanza na hajaniomba nimtoe kwenye gazeti.

Anko shikamoo. Mimi na mke wangu tumetoka Kimara, tiketi elfu ishirini kila mmoja, tumekuja kucheza dansi na tumefika mapema tupate viti vizuri. Tukamuona kijana anakwaruza gitaa na kijiko tukajua ni fundi anapima mitambo, tukasubiri, dakika kumi, robo saa, bado anapima tu, jamaa wa nyuma yangu akapaza sauti "fundi imetosha, washa mziki", watu wakacheka na mimi nikacheka. Baadaye ndo tunaambiwa kumbe ule ndo muziki wenyewe. Wengine wakaanza "shuka! shuka!" na sitaki kukudanganya na mimi nilisema shuka mara mbili. Mke wangu kanuna mpaka leo anasema nimemuaibisha mtoto wa watu. Sasa Anko, ule ni muziki kweli? Na nimekosea? — Baba wa Kimara

Marahaba baba. Kudhani ni fundi hujakosea hata kidogo, na wala hukuwa peke yako, kwa hesabu yangu nusu ya uwanja ilikuwa inasubiri amalize kupima. Shoo zetu si zote zinaanza hivohivo, mtu anapanda anagonga maiki, moja mbili, moja mbili, anagusa uzi mmoja mmoja, spika zinapiga mruzi, anashuka. Huyu kapanda taa za steji hazijawashwa zote, hajatambulishwa, na anafanya vitu vilevile anavyofanya fundi. Hapo lawama yangu naiweka kwa walioandaa, naiweka yote. MC angesema tu huyu ni mpiga gitaa, anapiga peke yake, atatumia vijiko na vitu vingine, atakaa nusu saa halafu bendi inapanda. Hata sekunde ishirini haziishi. Kijana aliachiwa watu ambao hawajaambiwa kitu na wewe uliachiwa kijana ambaye hujaambiwa ni nani, mkakutana hivohivo gizani.

Ila kwenye "shuka" mkeo yuko sahihi na mimi nasimama upande wake. Kutopenda ni haki yako kabisa, ungeweza kuinuka ukafuata mishkaki, ungeweza kupiga stori na mkeo kwa sauti ya chini, hakuna ambaye angekusema. Lakini mtu aliye peke yake steji hana mwenzie wa kumtazama. Mimi nimepiga rizimu bendi za hotelini miaka kumi na moja, tumewahi kuzomewa tukiwa watu kumi, tukapanda gari tukaisahau kabla hatujafika Magomeni. Na nimewahi kuzomewa nikiwa peke yangu nafunga nyuzi steji wenzangu wamechelewa kufika, ile naikumbuka mpaka rangi ya shati nililovaa siku hiyo. Neno ni lilelile, "shuka", ila likimpata mtu mmoja linaingia lote. Mwambie mama watoto nimesema yeye ndo kaelewa.

Sasa ni muziki? Mimi nasema ndiyo na nitakwambia kwa nini, halafu utaamua mwenyewe.

Mtu mmoja na gitaa lake kwetu sio jambo jipya. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule mzungu aliyekuwa anazunguka kurekodi muziki wa Afrika, alimkuta Mwenda Jean Bosco kule Katanga, Kongo, akamrekodi, mtu mmoja, gitaa kavu, vidole viwili vinafanya kazi ya watu watatu na anaimba Kiswahili, wapiga gitaa wengi wa ukanda huu waliomfuata wamemsikiliza huyo. Lakini Bosco alikuwa na wimbo, najua utaniambia hivo. Sawa. Kuna wengine ambao walikuwa na nyimbo kabisa wakaziweka chini. Derek Bailey, Mwingereza aliyezaliwa Sheffield mwaka 1930, miaka ya 50 alikuwa mpiga gitaa wa kumbi za dansi na redio, yaani mtu wa kazi kama sisi, unamwita anakuja anapiga chochote mnachotaka mcheze, halafu miaka ya 60 akaanza kupiga bila wimbo, bila ufunguo, bila mapigo ya kuhesabu, na akaendelea hivo mpaka alipofariki 2005. Mwingine Keith Rowe, kundi lao la AMM lilianza London mwaka 1965, yeye gitaa alililaza mezani kabisa akawa analigusa na visu, feni ndogo, na redio anaiweka palepale. Kwa hiyo kijana wa Msasani na kijiko chake ana wazee wake waliomtangulia, hakukurupuka.

Wanachotafuta ni hiki: huu mti, hizi waya, hii sumaku chini ya waya, ina sauti gani nyingine ambayo sisi wa dansi tuliiruka kwa sababu tulikuwa na haraka ya kufika kwenye wimbo? Ukikaa pale unasubiri wimbo uje utaumia manake hauji. Mimi nilichofanya, nilichagua sauti moja nikaifuata mpaka ikafa, halafu nikashika nyingine. Kile kijiko kilivyokuwa kinapita kwenye uzi kinaruka vikunjo vidogovidogo, ule uzi mnene si umezungushiwa waya mwembamba, basi kila mzunguko unatoa mlio wake, trrrrr, na akipunguza mwendo unasikia mmoja mmoja. Dakika ya kumi na kitu akakanyaga pedali ule mkwaruzo ukaanza kujirudia, ukawa mapigo, na mzee aliyekaa mbele yangu, ambaye alikuwa amekunja mikono toka mwanzo, mguu wake ukaanza kugonga chini. Mikono bado kakunja.

Ukisikiliza hivo na bado hujapenda basi hujapenda, hudaiwi na mtu.

Anko shikamoo, mimi ni mwanachuo naishi Sinza. Nilikaa mbele kabisa na ile seti ilinigusa mpaka nikatoa machozi, sijawahi kusikia kitu kama kile hapa Dar. Lakini watu nyuma stori, simu zinaita, vicheko, halafu katikati ya sehemu laini kuliko zote mama mmoja akainuka akaenda kumtunza hela kama yuko harusini! Nilishindwa kuvumilia nikamwambia mama kaa chini unaharibu. Hivi Wabongo tutajifunza lini kusikiliza? Wenzetu Ulaya mtu akipiga wanakaa kimya mpaka mwisho ndo wanapiga makofi. — Msikilizaji wa Sinza

Kaka yangu, salaam aleikum. Mimi ni mama wa Magomeni, nimekulia kwenye taarab, mama yangu alikuwa hakosi. Siku ile nilimuona yule mtoto kainama jasho linamtoka, watu wanamwambia shuka, moyo ukaniuma kama ni wangu wa kumzaa. Alipofika pale alipopiga ile sauti nyororo kama mtu anavuta pumzi usingizini nikasimama, nikatoa elfu mbili, nikaenda kumtunza, kwetu ndo heshima hiyo. Noti ikaangukia kwenye nyuzi za gitaa. Binti mmoja akanifokea mbele za watu kaa chini mama unaharibu. Nikarudi kwenye kiti na hata bendi ilipopanda sikuinuka tena kucheza. Kaka niambie ukweli, nilimuharibia? — Mama wa Magomeni

Hizi barua mbili zimefika wiki moja na zinaongelea dakika moja, nazijibu pamoja.

Wa aleikum salaam dada yangu. Hapana. Hukuharibu, na nataka nikwambie ulichokikosa manake ulikuwa unarudi kwenye kiti umeinamisha kichwa, hukuona. Noti ilianguka karibu na daraja, nusu juu ya nyuzi nusu inaning'inia. Kijana akaiangalia. Mkono wa kushoto ukaenda kuitoa, ukafika, ukasimama. Halafu akaikamata kwa vidole viwili akaanza kuipitisha katikati ya nyuzi, chini ya huu, juu ya huu, chini ya huu, kama mtu anasuka ukili, polepole wala hakuwa na haraka. Akapiga. Sauti ikatoka kavu, krrr, krrr, kama kayamba linatikiswa chumba cha pili. Fundi mitambo hapa pembeni yangu alikuwa kaegemea kiti anachati, akaweka simu chini akasogea kwenye miksa akapandisha sauti kidogo. Kuanzia hapo mpaka mwisho, dakika kama saba, kijana hakushika kile kijiko tena. Alipiga na noti yako. Na hizo dakika saba, kwangu mimi, ndo zilikuwa shoo yenyewe, na ndo dakika pekee ambazo sikumsikia mtu yeyote anasema shuka.

Nilimfuata nyuma ya steji baadaye. Hakuwa amepanga kitu kama kile. Aliniuliza yule mama ni nani nikamwambia simjui, sasa leo nakujua, nitamfikishia salamu zako.

Na alichofanya na noti kina historia dada. Johnny Cash wa Marekani, miaka ya 50 kundi lake halikuwa na mpiga drams, akawa anapitisha karatasi kwenye nyuzi za gitaa lake ili zitoe ule mchakacho wa drams. Na hapa kwetu ndo usiseme. Ilimba ya Wagogo, ile ya vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba, waliitengeneza makusudi iwe na ule mvumo wa kuzizima pembeni ya kila sauti, wanaziba tundu kwa utando wa buibui ili utetemeke. Mtu anayetaka sauti safi tupu ataona ni kasoro, Mgogo ataona bila hiyo ilimba haijakamilika. Marehemu Hukwe Zawose, mpiga ilimba wa Kigogo, alipokwenda kurekodi na Michael Brook, yule mpiga gitaa wa Kanada aliyejitengenezea gitaa ambalo uzi ukishaguswa haunyamazi, vitu hivyo viwili vilikaa pamoja bila taabu, nasikiliza mpaka leo na sijui pa kusema hapa Dodoma imeishia hapa Kanada imeanza. Kwa hiyo noti ya elfu mbili kwenye nyuzi za Msasani sio uharibifu, ni kitu tunachokijua kwa masikio toka kwa babu zetu.

Sasa wewe mwanangu wa Sinza. Marahaba. Machozi yako ni ya kweli na nimefurahi kuyasikia, sikuandikii kukushusha. Na kwenye simu na stori za sauti ya juu tuko pamoja, kuna jamaa alikuwa anaongea biashara ya tairi dakika nzima kwa sauti ya sokoni, huyo alikuwa anawanyima wengine haki yao. Ila kusema Wabongo hatujui kusikiliza hapo nakukatalia.

Nenda siku moja kwenye taarab ukakae uangalie watu, usiangalie steji. Mama kakaa na soda yake, anaongea na shoga yake, unasema huyu hasikilizi. Ubeti wa tatu, mstari mmoja tu, anainuka kama kaitwa jina, anatembea na noti mkononi mpaka mbele. Kwa nini mstari ule na sio mwingine? Kwa sababu anausikiliza wimbo wote, kila neno, na lile neno ni lake au ni la mtu anayemjua na kila mtu pale kaelewa. Au kwenye dansi, watu wamekaa mwanzo wa wimbo wanakula, muda unakwenda, na pale wimbo unapochemka, pale pale, uwanja mzima umesimama, hakuna aliyehesabu. Hao watu wamesikiliza kwa mwili. Mpiga muziki wa Dar akiona watu mia mbili wamenyamaza kabisa wamemkazia macho anajiuliza kuna msiba gani umetangazwa mimi sijasikia.

Na hao wenzetu wa Ulaya, ukimya wao nao una tarehe yake. Karne ya 18 watu walikuwa wanakula, wanaongea, wanatembeleana kwenye vibanda vyao opera inaendelea, ile tabia ya kukaa kimya mpaka mwisho ilikuja kushika karne ya 19. Ni desturi nzuri kwa muziki unaoihitaji. Ile sehemu laini ya kijana wetu iliihitaji kweli, sikatai. Lakini kuna mtu anayeongea juu ya muziki na kuna mtu anayeujibu, na yule mama alikuwa anajibu. Pengine katika uwanja mzima nyie wawili ndo mlioguswa na sekunde ileile, wewe ukatoa chozi yeye akatoa elfu mbili, halafu ukamfokea.

Ni mtu wa umri wa mama yako. Barua yake umeisoma hapo juu, hakucheza dansi aliyoilipia. Mwandikie kupitia gazeti, nitampelekea mwenyewe.

Kaka, ile sauti ndefu isiyokatika ilikuwa inatoka wapi? Mimi nabisha na rafiki yangu, yeye anasema kulikuwa na kinanda nyuma ya pazia. — Fundi simu, Mbagala

Hakuna kinanda, rafiki yako kala hasara. Alikuwa na kidude cha mkononi kinaitwa E-Bow, ndani kina betri ya volti tisa na koili, ukikiweka juu ya uzi bila kuugusa kinausukuma kwa sumaku ukatetemeka wenyewe, ukikitoa unanyamaza. Na ule ujirudiaji ni pedali ya lupu, inarekodi ulichopiga sekunde ileile na kukurudishia huku unapiga kingine juu yake. Zamani kazi hiyo ilihitaji mashine mbili za utepe zinazopokezana, Waingereza Robert Fripp, mpiga gitaa, na mwenzie Brian Eno walifanya hivo mwaka 1973, leo iko kwenye kiboksi kidogo miguuni.

Ndugu mwandishi. Mimi ni mzee wa Ilala, nimecheza dansi enzi za NUTA Jazz, na Mbaraka Mwinshehe nimemuona kwa macho yangu haya. Ule uchafu niliousikia Msasani ni matusi kwa gitaa. Mbaraka angefufuka leo angesemaje? — Mzee wa Ilala

Shikamoo mzee wangu. Umemuona Mbaraka, mimi nilimsikia redioni tu, kwa hiyo kwenye hilo wewe ni mwalimu nami nakaa chini.

Ila kumsemea siwezi na naomba na wewe usimsemee. Tunachokijua ni alichofanya. Kazaliwa 1944, kafariki Januari 1979 kwa ajali ya gari kule Kenya, hata miaka thelathini na mitano hajatimiza, na ndani ya muda huo mfupi kapiga solo mpaka watu wakamwita Soloist National, kapelekwa Osaka Japani kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970 na Morogoro Jazz, na mwaka 1973 akaiacha bendi iliyokuwa juu kabisa akaenda kuanzisha yake, Super Volcano. Mtu aliyeridhika na alichokikuta hafanyi hivo. Mimi ninapoona kijana anapigwa na jina la Mbaraka kama rungu naumia mara mbili, naumia kwa kijana na naumia kwa Mbaraka.

Lakini kuna jambo nakubaliana nawe na nimemwambia kijana mwenyewe. Katikati ya seti, kama dakika ya ishirini hivi, aliweka feni ndogo ya betri juu ya nyuzi akaiacha ikazunguka, ikazunguka, hakuna kilichokua wala kilichopungua, yeye kakaa anaiangalia, pale alituacha. Halafu akasogeza gitaa kwenye spika yake likaanza kulia kwa ukali mpaka watoto waliokuwepo wakaziba masikio na dada mmoja akamtoa mwanae nje. Hilo sio swala la ladha mzee, sikio likiumia limeumia, na mtu anayeshika kitufe cha sauti ana dhamana ya masikio ya watu wote waliokaa mbele yake, wachanga na wazee. Angekata dakika kumi za katikati na kupunguza ile sauti, naamini hata wewe ungefika kwenye ile ya noti ukiwa bado umekaa. Niliambiwa wazee wengi waliondoka kabla.

Anko mambo vipi shikamoo. Mimi niko Temeke, miaka 22, napiga gitaa na lupu peke yangu, vitu vya kujitungia havina maneno. Mwezi ujao nimeombwa nifungue shoo ya msanii wa bongo fleva, mashabiki wake ni wale wa kuimba kila neno. Niliona yaliyompata jamaa wa Msasani nikaogopa, nataka kukataa. Nifanyeje? — Kijana wa Temeke

Marahaba mdogo wangu. Usikatae.

Kwanza ujue woga wako wameupitia wakubwa. Julai 1967 mpiga gitaa Jimi Hendrix, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa ametikisa tamasha la Monterey, alipelekwa kufungua shoo za The Monkees, kundi la vijana wa televisheni, mashabiki wao watoto na mabinti wadogo. Anapiga yeye, wao wanaita jina la Davy, mwimbaji wao. Hata wiki mbili hazikuisha akaondoka kwenye ile ziara. Gitaa lile halikuwa na kasoro na wale watoto hawakuwa wabaya, walikuja kumuona Davy, wamelipiwa na wazazi wao kumuona Davy. Wewe pia utasimama mbele ya watu waliokuja kumuona mwingine, hiyo huwezi kuibadilisha, ila kuna vitu viko mikononi mwako.

Mfuate MC mapema na karatasi, umeandika mwenyewe maneno anayotakiwa kusema, mistari miwili, jina lako na unachofanya na utakaa dakika ngapi. Usimwachie aokoteze. Na ukifika kwenye maiki salimia, sema mambo zenu Dar, basi, mtu akishasikia sauti yako hawezi tena kukudhania fundi. Omba dakika kumi na tano, wakikupa thelathini piga kumi na nane. Anza na kitu chenye mapigo, hata kama unachokipenda zaidi ni kile cha polepole kiweke cha pili, wape kwanza sehemu ya kushika.

Halafu wasikilize. Wakipiga makofi kwa mkupuo, yachukue, weka maiki moja ielekee kwao iingie kwenye lupu, warudishie makofi yao yawe ngoma ya kupigia. Mtu akipaza sauti usikunje uso. Yule wa Msasani aliokolewa na mama wa Magomeni kwa sababu alikuwa tayari kupokea kitu ambacho hakukipanga, na mkono wake ulisimama pale juu ya noti sekunde mbili tatu hivi akiamua, mimi niliuona. Wengi wetu tungeitoa, tungeiweka mfukoni, tungeendelea na tulichofanyia mazoezi.

La vifaa. Nenda na waya zako mbili zaidi na adapta ya pedali yako mwenyewe, usitegemee za watu. Jenereta ikiwaka utasikia gitaa linavuma, hasa kama pikapu zako, zile sumaku chini ya nyuzi, ni za koili moja, usihangaike kuanza kufungua vitu mbele za watu. Umeme wetu unakwenda 50 Hz na ule mvumo uko karibu kabisa na nota ya G ya chini. Jaribu nyumbani kwanza, washa ampu, usiguse uzi, usikilize huo mvumo peke yake, halafu tunga kitu kinachoanzia kwenye G juu yake. Siku ya shoo ukikuta jenereta inavuma wewe unaingia nayo tu, na kama umeme ni msafi unaanza na uzi wako wa tatu ukiwa wazi, ni G ileile ila iko juu zaidi.

Na hela ya usafiri wa kurudi Temeke usiku na vifaa, waambie wakupe kabla hujapanda.